Mnyama wa Mtuka na Wenzake: Tahakiki ya Majina ya Kiswahili katika Elimu ya Visukuku

Mwaka 2019 wataalamu wawili wa visukuku, Eric Gorscak na Patrick O'Connor, walitangaza jina la dinosau ambaye mifupa yake ilianza kuchimbuliwa mwaka 2004 kwenye kingo za mto Mtuka, katika bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania. Jina lenyewe ni Mnyamawamtuka moyowamkia. Msomaji wa Kiswahili akiliona limeandikwa hivyo jicho lake husita. Akilisikia likitamkwa polepole hutabasamu, kwani ni maneno yake mwenyewe yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni: mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia. Sehemu ya pili imetokana na pingili za katikati ya mkia, ambazo uso wake una umbo la moyo.

Jina hili si la kwanza la namna yake. Mwaka 2010 yalichapishwa mawili: Asilisaurus kongwe, wa tabaka za Manda katika bonde la Ruhuhu, na Pakasuchus kapilimai, wa Rukwa. Mwaka 2017 ukaja Shingopana songwensis, na mwaka 2022 Mambawakale ruhuhu. Yafaa ieleweke kuwa si wote hawa ni dinosau. Pakasuchus ni wa jamii ya mamba. Mambawakale ni wa tawi lile lililokuja kuzaa mamba. Na Asilisaurus waliompa jina walimweka nje kidogo ya mlango wa dinosau, miongoni mwa ndugu zao wa karibu. Hata hivyo majina yote yametoka katika kisima kimoja, nacho ni chetu.

Katika kurasa hizi tumezoea kujadili istilahi tulizoziunda sisi wenyewe, na wasomaji wametukosoa kwa haki kila tulipoteleza. Safari hii tunakusudia kuzitazama istilahi zilizoundwa kwa Kiswahili lakini hazikuanzia mezani petu, na kuzipima kwa mizani ile ile. Huenda mtu akauliza: kuna haja gani? Mnyama amekwisha kufa miaka milioni mia moja iliyopita, jina ni la wataalamu, na wataalamu wameridhika nalo. Haja ipo, na imo katika sheria yenyewe ya majina.

Majina ya kisayansi ya wanyama yanatawaliwa na sheria ya kimataifa inayohesabu mwanzo wake kutoka mwaka 1758, mwaka wa toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus kuhusu mfumo wa viumbe. Kila spishi huwa na jina la maneno mawili: la kwanza la jenasi, la pili la spishi. Jina lililotangulia kuchapishwa kwa kufuata taratibu ndilo lenye haki, na maandishi yake hubaki yalivyokuwa siku ya kwanza. Kosa la mpiga chapa linaweza kusahihishwa, ikiwa maandishi yale yale ya kwanza yanaonyesha wazi kuwa ni kosa. Kiswahili kibovu hakimo katika sababu za kusahihisha. Sisi tukiunda istilahi mbaya, tunaifuta katika orodha ya mwaka unaofuata na kuomba radhi. Aliyempa mnyama jina hana nafasi hiyo. Kwa hiyo kila jina la Kiswahili linaloingia katika daftari hilo huingia moja kwa moja, na kama lina kasoro, kasoro hiyo itasomwa na wajukuu wetu.

Mfano mzuri wa ukali wa sheria hii ni Kentrosaurus, dinosau mwenye miiba mgongoni na mkiani kutoka Tendaguru, mkoani Lindi. Edwin Hennig alimpa jina hilo mwaka 1915. Wakati huo kulikuwako Centrosaurus, dinosau mwenye pembe wa Kanada, aliyepewa jina na Lawrence Lambe mwaka 1904. Majina yote mawili yametoka katika neno moja la Kigiriki. Watu wakahofu kwamba yatachanganywa, na mwaka 1916 Hennig mwenyewe akapendekeza Kentrurosaurus, na Nopcsa naye akatoa lake, Doryphorosaurus. Majina hayo mapya yakaja kuonekana hayana lazima, kwa kuwa tofauti ya herufi moja yatosha kulilinda jina la jenasi. Hapo K na C zimesimama kama walinzi wawili wa mpaka.

Sasa tujiulize: itakuwaje siku mwandishi wa kitabu cha shule atakapoamua kuyaandika majina haya kwa Kiswahili? Akifuata mzizi wa Kigiriki, wote wawili watakuwa kentrosau, na mpaka utafutika. Akifuata matamshi ya Waingereza, mmoja atakuwa sentrosau, nasi tutakuwa tumeingiza katika Kiswahili ajali ya matamshi ya taifa jingine. Maoni yetu ni kuwa majina ya jenasi na spishi yaachwe yalivyo, bila kuguswa hata herufi, na ngeli ya Kiswahili izunguke nje yake: Kentrosaurus huyu, Kentrosaurus wawili. Kazi yetu ianzie katika maneno ya kawaida yanayoyazunguka majina hayo, na katika maneno ya Kiswahili yanayotakiwa kuingia ndani yake.

Tendaguru yatufaa pia kwa somo jingine. Huko, mwaka 1906, mhandisi wa madini Mjerumani Bernhard Sattler aliona mifupa mikubwa ikichomoza juu ya ardhi. Mwaka uliofuata alifika Eberhard Fraas wa Stuttgart, na kutoka mwaka 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji mkubwa ulioongozwa kwanza na Werner Janensch na Hennig, kisha na Hans Reck. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vimezimwa katika nchi hiyo hiyo. Mamia ya wananchi waliajiriwa kuchimba, kufunga na kubeba, na zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilifika pwani ya Lindi vichwani na mabegani mwa wapagazi.

Maandishi mengi ya Kiswahili yanayoeleza habari hii hutumia kitenzi kimoja tu: kugundua. Sattler aligundua, Fraas aligundua, Wajerumani waligundua. Tunalikosoa tumizi hili kwa sababu mbili. Kwanza, mfupa uliochomoza juu ya ardhi, katika nchi yenye mashamba na vijia, haiwezekani wenyeji wapite miaka nenda miaka rudi wasiuone. Pili, na hili ndilo linaloihusu zaidi taaluma yetu, kitenzi hicho kimoja kinabeba kazi nne zilizo mbalimbali: kuuona mfupa, kuuchimbua, kuamua kwamba ni wa spishi isiyowahi kuelezwa, na kuipa spishi hiyo jina. Mara nyingi kazi hizo hufanywa na watu tofauti katika miaka tofauti. Fuvu la Mambawakale lilichimbuliwa mwaka 1963 na kupelekwa London. Miaka ile ile ya sitini Alan Charig alilitumia kwa mnyama huyo jina la Pallisteria angustimentum, lakini bila maelezo yanayotakiwa na sheria, na jina lisilo na maelezo halitambuliwi. Jina lenye haki lilikuja mwaka 2022, miaka 59 baada ya fuvu kutoka ardhini. Je, mnyama huyo aligunduliwa lini, na nani?

Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Upungufu ni wetu sisi tunaoyaacha kabatini. Mfupa huonwa na kuokotwa. Kisha huchimbuliwa. Spishi hubainishwa, kwa maana ya kutengwa na nyingine kwa alama zake. Mwisho huitwa, au hupewa jina. Tunapendekeza kubainisha kuwe ndiyo istilahi ya ile kazi ya tatu, na kugundua kusitumiwe mahali ambapo kitenzi chenye maana finyu zaidi kipo. Kadhalika jina kama lile la Charig, lililotolewa bila maelezo, tunaliita jina tupu, na hatuoni kama kuna haja ya kutafuta zaidi. Tungependa pia waandishi wa magazeti wafikiri mara mbili kabla ya kuandika habari za spishi mpya. Mnyama ni wa kale kupita milima mingi. Kilicho kipya ni ujuzi wetu juu yake.

Kubainisha kwenyewe si kazi nyepesi, wala si ya mara moja. Mwaka 1903 Elmer Riggs alimpa dinosau mkubwa wa Colorado, Marekani, jina la Brachiosaurus altithorax. Mwaka 1914 Janensch aliiona mifupa ya Tendaguru kuwa ya jenasi hiyo hiyo, akaiita Brachiosaurus brancai kwa heshima ya Wilhelm von Branca, aliyekuwa mkuu wa makumbusho ya Berlin. Kiunzi chake kilisimamishwa huko mwaka 1937, na kimo chake sasa ni meta 13.27. Mwaka 1988 Gregory Paul alionyesha kwamba mnyama wa Tendaguru na yule wa Colorado wamepishana kiasi cha kustahili jina la pembeni, Giraffatitan. Na mwaka 2009 Michael Taylor akalinganisha mfupa kwa mfupa, akahesabu tofauti 26, na kumtenga katika jenasi yake. Mnyama hakuhama hata hatua moja katika ukumbi wake. Kilichohama ni jina. Humo limo neno la Kizungu la twiga, na sisi wenye twiga tumebaki kumwita kwa neno la kigeni mnyama aliyefananishwa na wetu. Tusilaumu. Paul hakuwa na wajibu wa kutuuliza.

Wajibu mzito zaidi uko katika majina ya watu. Orodha ya Tendaguru imejaa Wajerumani: Branca, Hansemann, Bamberg, Tornier, na Janensch mwenyewe, ambaye mwaka 1991 alipewa jenasi nzima. Mengi ya majina haya ni heshima ya kawaida ya wanataaluma kwa wenzao na wafadhili wao, na hatuna ugomvi nayo. Lakini limo moja linalotuuma. Katika shimo la Kindope, karibu na Tendaguru, ilipatikana mifupa mingi mno ya dinosau mdogo mla majani, wadogo kwa wakubwa pamoja. Mwaka 1919 alipewa jina la Dysalotosaurus lettowvorbecki. Sehemu ya kwanza, kwa Kigiriki, ni ya kiumbe asiyekamatika kwa urahisi. Ya pili ni ya Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa jeshi la Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918 vilivyoteketeza maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Kiafrika. Mnyama wa Lindi, aliyebebwa na wapagazi hadi baharini, amebebeshwa jina la mtu huyo. Mwaka 2023 wajumbe wa kamisheni ya kimataifa inayosimamia majina ya wanyama walieleza waziwazi kuwa hawataki majina yabadilishwe kwa sababu za kimaadili, kwa kuwa uthabiti wa majina ungevunjika. Sisi ambao kazi yetu ni uthabiti wa maneno tunaielewa hoja hiyo. Kuielewa hakutuondolei uchungu.

Miaka 98 baada ya safari ya Berlin kuanza, mwaka 2007, Kristian Remes aliita dinosau wa Tendaguru Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji. Mwaka 2019 Philip Mannion na wenzake wakatoa Wamweracaudia keranjei: jenasi kwa ajili ya Wamwera, watu wa nchi hiyo, na spishi kwa ajili ya Mohammadi Keranje, aliyeongoza uchimbaji wa mkia huo. Majina haya mawili tunayapokea kwa mikono miwili, ingawa hayana Kiswahili ndani yake isipokuwa ngeli ya wa-. Angalieni lakini jinsi Kilatini kinavyofanya kazi: ile i ya mwisho katika bohetii ndiyo maana ya "wa Boheti". Kilatini hukiweka kimilikishi mkiani mwa neno. Kiswahili hukiweka katikati, kikiwa neno linalojitegemea. Tofauti hii ndogo ndiyo chanzo cha matatizo ya majina tuliyoanza nayo, na sasa tunaweza kuyarudia.

Shingopana tunalipa alama za juu kabisa. Mnyama huyu alikuwa na pingili za shingo zilizotanuka kwa juu, na lugha yetu tangu zamani humwita mtu kwa kiungo chake: kichwamaji, domokaya. Upatanisho wake ni sahihi, maana shingo ni ya ngeli ya nyumba, na sifa -pana katika ngeli hiyo haichukui kiambishi. Mtoto wa darasa la tatu akilisikia huweza kumchora mnyama huyo bila kusaidiwa. Jina la kisayansi halihitaji kitu zaidi ya hapo.

Asilisaurus kongwe lina mjadala mzuri. Kongwe ni sifa inayofuata nomino yake: mzee mkongwe, mibuyu mikongwe, magofu makongwe, nyumba kongwe. Kwa kuwa asili ni ya ngeli moja na nyumba, asili kongwe ni Kiswahili safi. Lakini neno hilo limekwisha unganishwa na saurus na kuwa jina la mnyama, na wanyama katika sarufi yetu hupatanishwa kama viumbe hai, hata wakiwa na umbo la ngeli nyingine. Twasema paka mkubwa, hatusemi paka kubwa isipokuwa kwa kukuza au kudharau. Kwa kanuni hiyo angestahili kuwa mkongwe. Tulibishana juu ya hili mezani petu kwa asubuhi nzima. Hatimaye tuliafikiana kulipitisha, kwa sababu jina la pili katika utaratibu huu laweza kusimama kama nomino kando ya la kwanza, na sheria hailitaki neno lisilo la Kilatini wala Kigiriki lipatanishwe. Mwenzetu mmoja hakuridhika na hajaridhika mpaka leo.

Mambawakale ndilo jina linalotupa shida zaidi, pamoja na nia yake njema. Walioliunda walichagua Kiswahili makusudi, ili kuwatambua Watanzania waliofanya kazi katika uchimbaji wa 1963 bila majina yao kuandikwa. Nia hiyo twaishukuru. Walitaka kusema mamba wa kale. Lakini sheria haikubali nafasi katikati ya jina la jenasi, nao wakayabana maneno yote matatu. Matokeo yake, msomaji asiye na habari huyakata mahali pengine: mamba wakale, yaani, mamba waende wakapate chakula. Kiunganishi -a hakipendi kumezwa. Lugha yetu inapounda neno moja kutoka katika nomino mbili hukiacha nje: mwana wa nchi huwa mwananchi, mwana wa maji huwa mwanamaji. Mambakale lingekuwa fupi, lisilo na utata, na la Kiswahili zaidi. Vivyo hivyo katika Mnyamawamtuka, sikio likifika kwenye wamtuka hungojea silabi moja zaidi, nalo huwa tusi.

Juu ya hayo, mnyama huyo si mamba, na wenyewe waliompa jina wanajua hivyo. Hapa twaingia katika kosa la aina nyingine, la jina linalotoa hukumu juu ya ukoo. Australodocus ni mfano wake. Docus ni boriti, kama katika Diplodocus, kwa sababu mwanzoni mnyama alidhaniwa kuwa wa ukoo huo. Uchunguzi wa baadaye umemsogeza kwenye ukoo mwingine, na boriti imebaki katika jina bila nyumba ya kuishikilia. Jina linalotaja mahali, au mtu, au umbo linaloonekana kwa macho, huzeeka vizuri zaidi kuliko jina linalotaja undugu.

Kuhusu moyowamkia tuna pingamizi la maana. Kwa Kiswahili, moyo wa kitu ni kiini chake, sehemu iliyofichika ndani. Moyo wa mkia basi ungekuwa uboho wa mkia au kitu cha namna hiyo. Lile umbo la moyo lenye ncha chini na mashavu mawili juu halitokani na mioyo tunayoiona buchani. Limetujia kwa karata, na wacheza karata wa pwani wanalo jina lake: kopa, lililotoka kwa Wareno. Mkiakopa lingelikuwa jina la spishi la kupendeza mno. Tunajua kuwa tumechelewa.

Baada ya kuwakosoa wengine hatuna budi kujikosoa wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa maneno ya kitabu cha shule yatafutiwe Kiswahili, na miongoni mwake lilikuwamo neno la mnyama huyu. Tulifungua vitabu, tukaona kuwa Richard Owen aliliunda neno hilo mwaka 1842 kwa Kigiriki, deinos na sauros, nasi kwa haraka tukaandika mjusi wa kutisha. Likachapishwa. Haukupita muda tukapokea barua ya mwalimu wa sekondari. Wanafunzi wake walikuwa wametazama picha kitabuni na kumwuliza: kama huyu ni mjusi, mbona miguu yake imesimama chini ya mwili kama ya ng'ombe, na haikutanuka ubavuni kama ya mjusi wa ukutani? Wanafunzi walikuwa wameona wenyewe moja ya alama kuu zinazomtenga dinosau, na istilahi yetu iliwaambia kuwa macho yao yamekosea.

Kosa letu lilikuwa la mara tatu. Dinosau si mjusi. Wala wengi wao hawakuwa wa kutisha. Walikuwako wadogo kama kuku, na Owen mwenyewe alilifafanua deinos kwa maana ya ukubwa unaotia hofu. Na lililo baya zaidi, ndege wa leo wametokana na dinosau, hivyo kuku wa uani yu karibu na mnyama wa Tendaguru kuliko mjusi yeyote. Mwalimu aliyepewa mjusi wa kutisha atalifundishaje jambo hilo? Itambidi alibomoe neno kwanza ndipo ajenge maarifa.

Kwa hiyo tunaliondoa mjusi wa kutisha, pamoja na mijusi mikubwa ya kale na jamaa zake wote. Katika maandishi tumekutana na dinosau, dinosari, dinosauri na dinosaria. Tunapendekeza dinosau kwa mnyama mmoja au wengi, kwa upatanisho wa viumbe hai: dinosau huyu, dinosau hawa. Umbo la madinosau liachiwe watoto na wasimulizi wanaotaka kukuza. Dinosaria, ambalo ndilo lililo karibu na jina la Kilatini la kundi zima, litumike kwa kundi hilo tu. Kwa mfupa uliogeuka jiwe, kisukuku limekwisha zoeleka katika vitabu vya biolojia na hatuoni sababu ya kuligusa. Mabaki ni pana mno, yaweza kuwa hata ya wali wa jana.

Limebaki neno moja ambalo hatujalipatia ufumbuzi ulioturidhisha sote. Kila jina la spishi hufungwa kwenye mfupa mmoja au kiunzi kimoja kilichohifadhiwa mahali panapojulikana; wakitokea watu wakabishana, huo ndio unaoulizwa. Australodocus bohetii, kwa mfano, anajulikana kwa pingili mbili tu za shingo, kwani nyingine zilipotea katika Vita vya Pili vya Dunia. Wapo wanaotaka holotaipu, nao wana hoja ya usawa wa kimataifa. Sisi tunaelekea kwenye kielelezo cha jina. Mahakama zetu zimekwisha lizoesha neno kielelezo kwa kitu kinachowekwa mbele ya hakimu ili kushuhudia, na mwananchi yeyote aliyewahi kuhudhuria kesi analielewa. Likikubaliwa, tutaweza kusema kwa Kiswahili sahili kwamba kielelezo cha jina cha Mambawakale kiko London, na msikilizaji ataelewa mara moja ni kitu gani kilichoko huko, na kwa nini anayetaka kulipinga jina hilo hana budi kukiangalia.

Tunaomba maoni ya walimu wa biolojia hasa, na ya wenzetu wa Lindi, Songwe na Ruvuma. Wakati huo huo tumeandaa karatasi ya ukurasa mmoja kwa ajili ya mtafiti yeyote atakayetaka neno la Kiswahili kwa mnyama wake: aache kiunganishi -a nje, asitaje undugu, alisome jina kwa sauti mbele ya mtu wa mahali pale kabla ya kulipeleka kwa mpiga chapa. Miaka mia moja baada ya uchimbaji wa Tendaguru, katika ghala za Berlin vilikuwamo bado vifurushi vya mifupa vilivyofungwa kwa mianzi na wapagazi wetu, ambavyo havijawahi kufunguliwa. Karatasi hiyo inapatikana bila malipo.